RuneScape

RuneScape ni mchezo wa njozi wa kuigiza wahusika, unaochezwa mtandaoni na maelfu ya watu kwa pamoja katika ulimwengu wa kubuni wa Gielinor. Ulizinduliwa Uingereza Januari 2001 na ndugu Andrew na Paul Gower. Huendeshwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge.

Maendeleo

Mwaka 2013, baada ya kura ya wachezaji, Jagex ilirejesha toleo la 2007 kwa jina la Old School RuneScape. Mabadiliko makubwa ya toleo hilo hupigiwa kura, na tangu 2022 hupita yakiungwa mkono na angalau asilimia 70 ya kura. Mwaka 2018 liliingia kwenye simu. Umiliki wa Jagex umebadilika mara kadhaa. Hata hivyo, sauti ya wachezaji ndiyo nguzo kuu ya uhai wa mchezo huu.