Nairobi hadi New York: Saa 15 kwenda, 14 kurudi

Umbali wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na ule wa John F. Kennedy, New York, ni takriban kilomita 11,800 ukipimwa kwa njia fupi kabisa. Safari ya moja kwa moja kati ya viwanja hivyo ilizinduliwa na Shirika la Ndege la Kenya Oktoba 28, 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234. Kabla ya hapo, abiria walilazimika kubadili ndege njiani.

Safari ya kwenda huchukua takriban saa 15, ilhali ya kurudi huchukua saa 14 hivi. Umbali ni uleule. Tofauti huletwa na upepo. Katika anga ya juu ya Atlantiki ya Kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo New York hukutana na upepo wa mbisho, na irudiyo husukumwa kutoka nyuma. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ikipungukiwa au kuongezewa kilomita 50 tu kwa saa, hupata tofauti ya saa moja na nusu katika masafa hayo.

Aidha, uwanja wa Nairobi uko mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mabawa na injini hupungukiwa na nguvu, na ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia au uzito mdogo zaidi. Kuruka usiku, wakati hewa imepoa, hupunguza tatizo hilo. Uwanja wa New York uko karibu sawa na bahari, hivyo kikwazo hicho hakipo wakati wa kurudi.

Anayepitia Amsterdam husafiri kilomita 6,680 hivi hadi huko, kisha 5,850 hadi New York, yaani jumla ya takriban 12,530. Nyongeza ya kilomita 700 ni kama dakika 50 tu angani. Kinachorefusha safari hiyo ni kutua, kusubiri na kuruka upya. Kupitia Dubai, jumla hufikia kilomita 14,500 hivi, kwa kuwa abiria huanza kwa kuelekea upande usio wa aendako.

Abiria hana budi pia kuzingatia majira. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 wakati wa baridi, na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mfano, aondokaye Nairobi Januari saa 5:30 usiku, akasafiri saa 15, hutua saa 12:30 asubuhi ya siku inayofuata kwa saa za New York, ingawa Nairobi ni saa 8:30 mchana. Aondokaye New York saa 6:30 mchana hufika Nairobi kesho yake saa 4:30 asubuhi. Mwenye miadi Nairobi apange kuondoka siku moja kabla.