Nakala ya Unyanyembe

Anayenakili mstari kwenye terminali ya kompyuta na kuubandika pengine hupata herufi zile zile, makosa yake yakiwemo. Tumeuzoea uaminifu huo hata tunaudhania katika nakala za kale, na hapo ndipo tunapopotoka. Ushahidi uko kwenye njia ya misafara ya Tabora. Februari 1872 David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia Kwihara, Unyanyembe, wakitokea Ujiji. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifanya njia kuu kuwa ya hatari, wakazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ugunda. Mizigoni mlikuwa na kumbukumbu za 1871. Karatasi zilipomwishia, Livingstone aliandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard la Novemba 1869, akiikata mistari ya chapa kwa wino wa zingefuri. Habari hizo alizihamishia katika daftari kubwa ambalo leo huitwa Shajara ya Unyanyembe. Stanley alilichukua alipoondoka tarehe 14 Machi.

Je, Livingstone alinakili tu? Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki waliusoma wino uliofifia kwa kupiga picha za mianga mbalimbali, wakalinganisha maandishi hayo mawili. Habari za mauaji yaliyofanywa na wafanyabiashara wa watumwa sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, hazilingani: mwenendo wa watu wa Livingstone mwenyewe, ulioandikwa kwa uchungu gazetini, umepunguzwa makali daftarini. Atasema mtu kwamba mwandishi ana haki ya kusahihisha maneno yake. Anayo, lakini haki hiyo haimnyimi msomaji haki ya kujua kilichofutwa, hasa kinapohusu watu waliouawa. Mwingine atasema nakala ilikuwa tahadhari, kwa sababu barua nyingi za Livingstone zilipotea njiani. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hasa nakala iliyosafishwa ndiyo iliyosafiri. Ndiyo iliyomfaa Horace Waller alipohariri kitabu cha shajara za Livingstone cha 1874. Kabla ya hapo, habari za Nyangwe zilizofika Uingereza kwa barua ziliongeza shinikizo lililozaa mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Mimi naiheshimu kazi iliyofanywa na barua na nakala hiyo. Lakini shahidi wa kwanza wa wafu wa Nyangwe alikuwa lile gazeti, na kwa karibu miaka 140 wino wake ulikuwa ukififia bila kusomwa.