Sukari kwao ni saruji

Wiki jana niling'olewa gego. Daktari aliniuliza chai naweka sukari vijiko vingapi, nikasema vinne, akatingisha kichwa tu. Nikarudi nyumbani shavu limefura, nikajiambia lazima nijue nani amenifanyia hivi.

Kumbe kesi yenyewe ni ya kitambo. Miaka ya 1680, muuza vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akauangalia kwa hadubini. Akaona vijidudu vinaogelea. Akasukutua na siki, lakini siki iliua wale wa nje tu. Wa ndani ya ukoga walikuwa salama. Ile ilikuwa nyumba yao.

Mwaka wa 1924, huko Uingereza, J. Kilian Clarke akampata mshukiwa kwenye meno yaliyooza: Streptococcus mutans. Lakini ilichukua miongo mingi ndiyo ijulikane hiyo nyumba anaijenga aje. Ana jeni zinaitwa gtf. Hizo hutengeneza vimeng'enya vinavyokata sukari ya kawaida, halafu vinaunganisha vipande vya glukosi kuwa gundi. Gundi inashika jino, bakteria wanajificha ndani, wanakula sukari nyingine na kutoa asidi inayotoboa jino. Wanasayansi walipoziharibu jeni hizo, panya wa maabara walipata mashimo machache. Yaani kwa bakteria huyu, sukari ni chakula na pia ni saruji.

Sasa hapa ndipo nilishtuka. Ushahidi mkubwa kwa binadamu ulitoka hospitali ya Vipeholm, Uswidi, mwishoni mwa miaka ya 1940. Wagonjwa wenye ulemavu wa akili walipewa tofi za kunata, wengine hadi 24 kwa siku. Meno yao yakaoza. Hakuna aliyewaomba ruhusa. Na jibu likapatikana: sukari ya kunata, inayoliwa kila mara kati ya milo, ndiyo mbaya kuliko ile unakula pamoja na chakula.

Kwa hivyo daktari wangu aliuliza nusu ya swali. Angeuliza pia ni mara ngapi, na mi hunywa chai kutoka asubuhi hadi usiku.

Kuna watu walilipia jibu hilo kwa meno yao bila kuulizwa. Tuwakumbuke, angalau. Na wewe unayekunywa soda moja kidogo kidogo siku nzima, ujue unawapelekea mafundi saruji.