Sikio la Ghaibu: Kutoka kwa Somo hadi Namba 116

Zamani za wazee wetu, mtoto mwenye dhiki asiyoweza kuitamka mbele ya mama wala baba hakukosa mtu wa kumwendea faraghani: pwani alikuwapo somo, aliyepewa dhamana ya kumfunda mwari mambo ya mwili na ya ndoa, na huku bara, katika vijiji vya Kibimba, wilayani Ngara, Tanzania, na nchi yote ya Wahangaza na Washubi, alikuwapo shangazi au bibi, ambaye mtoto alimnong'oneza wakati wa kuchambua maharage, naye akaichukua siri ile kuwa amana.

Kwamba desturi hii haikuwa jambo dogo, twalifahamu tukitazama nchi zilizoikosa. Mwaka 1935, katika mji wa Lincoln, Uingereza, kasisi kijana aitwaye Chad Varah alimzika msichana mdogo aliyejiua kwa kuwa, alipoona hedhi kwa mara ya kwanza, alidhani amepatwa na maradhi ya aibu, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Nasema kwa uchungu: nasaha aliyoikosa binti yule, somo yeyote wa Lamu au Pemba angalimpa kwa mazungumzo ya jioni moja. Kasisi hakumsahau, na tarehe 2 Novemba 1953, akiwa London katika kanisa la St Stephen Walbrook, alianza kupokea simu za watu waliokata tamaa. Waliofika kwa miguu walingoja zamu yao wakiandaliwa chai na raia wa kawaida waliojitolea. Na muda si muda kasisi akaona kwamba wengi, wakiisha kunywa chai na kusikilizwa na wale wasio na elimu ya uganga wala ya dini, waliondoka wametulia bila hata kumwona yeye. Mwezi Februari 1954 akawakabidhi kazi yote wao.

Baada ya miaka mingi zikazaliwa pia simu za watoto peke yao: ya Esther Rantzen huko Uingereza mwaka 1986, na ya Jeroo Billimoria huko Bombay mwaka 1996, iliyokusudiwa hasa watoto wa mitaani.

Lakini taarikhi ya Ngara ilipita njia yake yenyewe, nayo ni njia ya msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakapiga kambi Benaco, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazee wao njiani, au walioshuhudia wakiuawa. Na aghalabu shangazi aliyestahili kuwasikiliza alikuwa naye amekwisha kufa. Shirika la Msalaba Mwekundu likawa likiandikisha majina ya watoto hao. Mwezi Juni mwaka huohuo BBC ikaanzisha matangazo ya Gahuzamiryango, ambayo watu waliyategea sikio wapate kujua nani yu hai na yuko wapi. Na mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi wakaanzisha Radio Kwizera papo hapo Ngara. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuzingatiwa kuliko yote: huku kwetu, kabla simu haijaenea, watu walikwisha kuzoea kwamba sauti ya mtu wasiyemwona yaweza kubeba habari za damu yao, nao wakaiamini.

Miaka ikapita, kambi zikafungwa. Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na uchunguzi wa kitaifa uliotangazwa mwaka 2011 ukaonyesha kwamba wasichana wapatao 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamedhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi mno miongoni mwao hawakumwambia mtu yeyote. Kimya hicho ndicho kilichokusudiwa kuvunjwa na namba ya simu 116, isiyolipiwa, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa Bara na Zanzibar. Kenya na Uganda nazo zinatumia tarakimu hizohizo.

Wanaoifanya kazi hii popote duniani wanajua kwamba simu nyingi za watoto huanza kwa ukimya. Mtoto husikiliza pumzi ya mwenziwe, hukata, hupiga tena, hucheka, huuliza swali la upuuzi. Naye mshauri mwema hakati simu wala hakemei, maadamu anatambua kwamba anapimwa kama aaminika. Kisha huja shikamoo ya sauti ndogo, na baada yake maneno. Yakiwa ni ya kuhitaji hifadhi, habari hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na kwa mtoto wa Kibimba, anayepiga kwa simu aliyoazimwa, hapo ndipo msaada huacha kuwa sauti, ukawa mtu anayepaswa kupanda gari au pikipiki, afike kijijini, akabishe hodi kwenye nyumba ileile aliyomo mtoto pamoja na yule anayemtesa.