Mawe ya Pwani na Nadharia za Teknolojia Iliyopotea

Nadharia za teknolojia iliyopotea hudai kwamba majengo makubwa ya mawe ya kale yaliupita uwezo wa mafundi wa zama zake, na kwamba yaliachwa na ustaarabu uliotoweka au na viumbe wa sayari nyingine. Kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968 kiliieneza dhana hii duniani.

Afrika ina historia yake ya madai ya aina hiyo. Mwaka 1871 Carl Mauch aliyahusisha magofu ya Zimbabwe Kuu na Malkia wa Sheba. Uchimbaji wa David Randall-MacIver mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 ulithibitisha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford alipendekeza kuwapo kwa ustaarabu wa Azania uliotoweka, ili kueleza kuta, matuta na mashimo ya Kenya bara. Baadaye J. E. G. Sutton alionyesha kuwa yale yaitwayo mashimo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Kipimo cha haki cha madai haya ni mabaki ya kazi yenyewe: malighafi, hatua za ufundi na mipaka yake. Pwani ya Kenya inayo yote matatu. Karibu na hori ya Mtwapa kuna Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 uliochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1972. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa.

Malighafi hizo zilitoka papo hapo. Matumbawe laini yalikatwa baharini na kuchongwa yangali mabichi, kwa kuwa hukauka na kuwa magumu hewani. Ndiyo siri ya nakshi safi za mihrabu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliufanya upana wa vyumba uishie takriban mita 3. Teknolojia isiyo na kikomo isingefungwa na urefu wa mti.

Hatua za kujifunza pia zimehifadhiwa. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, kuanzia ya miti ya karne ya 8 hadi ya matumbawe.

Ufundi huo haukupotea: mji wa kale wa Lamu, ulioorodheshwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, bado hukarabatiwa kwa matumbawe, chokaa na boriti. Kwa hiyo anayedai teknolojia nyingine anawajibika kuonyesha zana zake, taka zake na hatua zake za awali. Bila hayo, dai lake huwanyang'anya waashi wa Pwani heshima ya kazi yao.