Ndege Tupu: Historia ya Mazoezi ya Kutua ya Marubani wa Jeti

Katika ufundi wa urubani, kutua ndiko kulikochelewa zaidi kufundishwa ardhini, ingawa mashine za kumfunza rubani bila kuruka zilikuwepo miaka mingi kabla ya jeti ya kwanza ya abiria. Edwin Link wa Binghamton, jimboni New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza mashine ya namna hiyo mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto ya vinanda hivyo, na mwaka 1934 jeshi la Marekani lilinunua mashine 6 baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Mashine ya Link, hata hivyo, ilimfunza rubani kuamini mishale ya vipimo vilivyo mbele yake pale asipoona nje, hali kutua ni kazi ya macho.

Jeti kubwa huteremka kwa mwinamo wa takriban digrii 3, mara nyingi kwa kasi inayokaribia kilomita 260 kwa saa, na inapobakiwa na mita chache tu kufika chini, rubani huinua pua ya ndege kidogo huku akipunguza nguvu za injini, ili magurudumu makuu yaguse ardhi kwanza na kwa upole. Akiinua pua mapema, ndege huelea na kuumaliza urefu wa njia ya kurukia, akichelewa, hujibwaga. Ugumu huongezeka kadiri ndege inavyokuwa kubwa, kwa sababu rubani hukaa juu sana na magurudumu hayo yako mbali nyuma yake. Kabla Boeing 747 haijaruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, kampuni iliyoiunda iliweka mfano wa chumba cha marubani juu ya lori, kwa kimo cha kama ghorofa tatu, ili Jack Waddell, rubani mkuu wa majaribio ya ndege hiyo, na wenzake wazoee kuitazama ardhi kutoka huko; kifaa hicho kikaitwa kwa utani Gari la Waddell.

Kwa mwanafunzi wa kawaida, hata hivyo, darasa lilikuwa ndege yenyewe, ikiwa haina abiria. Aliuzunguka uwanja, akagusa njia kwa magurudumu, mwalimu akarekebisha mabawa na injini wakati ndege ingali inakimbia, kisha wakaruka tena bila kusimama, na mzunguko huo ukarudiwa mara nyingi kwa gharama kubwa ya mafuta. Shirika la ndege la Japani, JAL, lilianza mwaka 1968 kuwapeleka marubani wake Moses Lake, jimboni Washington, kwenye uwanja wa jeshi uliofungwa mwaka 1966 na wenye njia ya zaidi ya kilomita 4. Na Japani yenyewe ikafungua mwaka 1979 uwanja wa mazoezi katika kisiwa cha Shimojishima, wenye njia ya mita 3,000.

Hatari kubwa ya mazoezi hayo ilitokana na desturi ya mwalimu kupunguza kwa makusudi nguvu za injini moja au mbili ili mwanafunzi ajifunze kukabili hitilafu. Boeing 707 iliyokuwa ikifanya zoezi la aina hiyo ilianguka Calverton, New York, mwaka 1959 na kuua watu 5. Tarehe 30 Machi 1967 ndege ya DC-8 iliangukia makazi na hoteli karibu na New Orleans, wakafa wote 6 waliokuwamo pamoja na watu 13 waliokuwa chini. Na mwaka 1969 Moses Lake nako kulitokea vifo. Hitilafu ya kuigizwa ilikuwa ikiua watu halisi, na hoja hii, zaidi ya bei ya mafuta, ndiyo inayostahili kupewa uzito katika kueleza mabadiliko yaliyofuata.

Mabadiliko hayo yaliletwa na simuleta, yaani chumba cha marubani cha kuigiza kinachotikiswa na miguu sita ya mashine. Picha za nje zilitolewa awali na kamera iliyopita juu ya mfano mdogo wa uwanja, kisha, katika miaka ya 1970, na kompyuta, ambazo zilianza na mandhari ya usiku kwa kuwa nukta za taa zilikuwa rahisi kuchora kuliko nyasi na lami ya mchana. Mwaka 1980 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliweka mpango wa kuruhusu, hatua kwa hatua, mafunzo yote ya aina mpya ya ndege yafanyike ndani ya simuleta iliyo bora, hivyo rubani akaweza kuitua ndege halisi kwa mara ya kwanza ikiwa na abiria, chini ya usimamizi wa nahodha mkufunzi. Ulaya imebakiza desturi ya zamani kwa marubani wasio na uzoefu wa jeti kubwa, ambao kwa kawaida hutua mara 6 katika ndege tupu. Shimojishima, kwa upande wake, ilipoteza wanafunzi wake, na tangu mwaka 2019 jengo jipya la abiria huko hupokea watalii.