Jiwe kwenye foleni: walanguzi wa tiketi na historia ya proksi

Leo tupige stori ya ulanguzi.

Neno hilo sisi tuliozaliwa baada ya Mwalimu kung'atuka tunalitumia kiutani tu, lakini wazee wakilisikia bado wanakunja uso. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilikuwa haba, na aliyekutwa ameficha sabuni au khanga stoo alikuwa na kesi ya kujibu. Bibi yangu anapenda kusimulia foleni za maduka ya RTC enzi hizo. Unafika alfajiri, unaweka jiwe kushika nafasi yako, unakwenda kuchota maji. Ukirudi jiwe lako lipo, na watu wameliheshimu. Jiwe ni wewe.

Sasa fikiria mtu mmoja ameamka saa tisa usiku akapanga mawe elfu kumi.

Hiyo ndiyo biashara ya kulangua tiketi kwenye intaneti, na jiwe lenyewe linaitwa proksi. Nimekuwa nikiisoma historia yake kwa wiki kadhaa (mhariri wangu anadhani nafanya habari ya bajeti) na kilichonivutia ni kwamba kifaa hiki kilianza kwa nia tofauti kabisa.

Tuanze na kazi yake. Ukifungua tovuti, kompyuta yako inajitambulisha kwa namba inayoitwa anwani ya IP. Proksi ni kompyuta nyingine inayokaa katikati: wewe unaituma, yenyewe inakwenda kuomba kwa niaba yako, inapokea jibu na kukuletea. Tovuti inaiona proksi, wewe haikuoni. Proksi za wavuti zilitengenezwa CERN, kile kituo cha utafiti cha Uswisi ambako wavuti wenyewe ulizaliwa, na mwaka 1994 Ari Luotonen na Kevin Altis waliandika maelezo ya namna zinavyofanya kazi. Shida waliyotaka kuitatua ilikuwa ya kawaida sana. Ofisi zilikuwa zimeanza kujifungia nyuma ya kuta za usalama, kwa hiyo walihitaji mlango mmoja wa kupitishia watu wote. Halafu proksi ikapewa kumbukumbu: mtu wa kwanza akifungua ukurasa, inauhifadhi, wa pili anaupata hapohapo bila kuufuata tena ng'ambo.

Huku kwetu hiyo kumbukumbu ilikuwa mkombozi. Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti ilipitia kwenye satelaiti kwa bei ya kukata tamaa. Chuo kizima kiligawana kamrija kamoja. Waliosoma miaka hiyo watakwambia kwamba kitu cha kwanza kufundishwa kwenye maabara ya kompyuta kilikuwa kufungua Internet Explorer, kwenda kwenye mipangilio ya LAN na kuandika anwani ya proksi na poti yake. Mara nyingi ilikuwa 8080, au 3128 kama fundi alitumia programu ya Squid. Watu mamia, mlango mmoja, anwani moja. Hata Opera Mini, iliyotuvusha wengi na visimu vya vitufe, ilikuwa proksi: seva za Opera zilifungua ukurasa, zikaukandamiza, zikakutumia mabaki.

Kuiweka bado ni rahisi, na tofauti za vifaa zinachekesha kidogo. Windows za sasa zina ukurasa maalumu wa proksi ndani ya mipangilio ya mtandao, na ukiijaza humo programu nyingi zinaifuata. Firefox ina mipangilio yake pembeni, kwa hiyo kompyuta inaweza kuonekana iko mji mmoja na Firefox iko mji mwingine. Kwenye iPhone unagusa ile alama ya 'i' kando ya jina la Wi-Fi, unashuka hadi chini, lakini unachojaza kinashika kwa Wi-Fi hiyo tu. Ukihamia kwenye bando la simu, proksi umeiacha nyumbani. Android ni hivyohivyo kwa Wi-Fi, ila ndani ya APN ya laini kuna nafasi ya proksi na poti, urithi wa enzi za WAP ambao watu wengi hawajui kazi yake.

Shikilia hilo la Firefox. Kama dirisha moja linaweza kuwa na sura yake, basi madirisha mia yanaweza kuwa na sura mia. Na tovuti za tiketi zilikuwa zimejenga ulinzi wao juu ya sura: tiketi nne kwa mteja, basi. Zinamjua mteja kwa jina lake, kadi yake ya benki, na anwani ya IP anayotokea.

Mwishoni mwa mwaka 2002 ikaanza kazi kampuni moja huko Marekani ikijiita Wiseguy Tickets, chini ya Kenneth Lowson na wenzake. Waliajiri waandika programu kutoka Bulgaria watengeneze boti (si hizi za kwenda Zanzibar, ni programu zinazojifanya watu). Walikodi seva sehemu mbalimbali za Marekani na maelfu ya anwani za IP. Saa ya mauzo ikifika, tovuti ya Ticketmaster iliona maelfu ya Wamarekani wakibisha hodi kutoka kila kona. Kumbe ni ofisi moja.

Yale maandishi yaliyopinda ya CAPTCHA, ambayo unaambiwa uyaandike kuthibitisha wewe ni binadamu, waliyamaliza kwa ujanja wa kishule: walipakua picha kwa wingi, wafanyakazi wakazitatua, majibu yakahifadhiwa. Picha ikitokea tena, boti inatoa jibu ililokariri. Kama mtu aliyeiba mitihani yote ya miaka iliyopita.

Kwa mchezo wa Rose Bowl wa mwaka 2006, kati ya tiketi 1,000 zilizotolewa kwa umma, wao walichukua 882. Julai 2008 Bruce Springsteen alipopiga Giants Stadium, kulikuwa na tiketi 440 za kusimama karibu kabisa na jukwaa zilizowekwa kwa umma. Karibu nusu yake zilikwenda kwao. Waendesha mashtaka walisema hadi mwanzoni mwa 2009 walikuwa wamenunua tiketi zipatazo milioni moja na nusu na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 25.

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu, maana walipofikishwa mahakamani Newark, New Jersey, mwaka 2010, swali lilikuwa: kosa lao ni lipi hasa? Kila tiketi waliilipia. Hawakuvunja mlango, walibisha hodi mara nyingi mno. Sheria iliyotumika ilikuwa ya udukuzi wa kompyuta na ulaghai, na wapigania haki za mtandaoni wa EFF waliiandikia mahakama kupinga. Hoja yao ilikuwa kwamba ukifanya kuvunja masharti ya tovuti kuwa jinai, kila mtu aliyewahi kubofya "nakubali" bila kusoma ni mhalifu. Mimi naona EFF walikuwa na hoja, hata kama waliokuwa wanafaidika nayo hawanipendezi. Jaji alikataa kuifuta kesi, Novemba 2010 washtakiwa wakakiri, na mwaka 2011 wakapewa kifungo cha nje. Hakuna aliyelala jela.

Walanguzi wengine walisoma hukumu hiyo na kupiga hesabu zao. Tarehe 8 Desemba 2014, tiketi za ziara ya U2 zilipoanza kuuzwa, mlanguzi mmoja alinunua 1,012 za onyesho moja la Madison Square Garden kwa dakika moja. Tunajua hayo kwa sababu mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliyatoa kwenye ripoti ya Januari 2016. Ripoti hiyohiyo ina takwimu nyingine ambayo wauza tiketi hawapendi kuikumbusha: kwa matamasha makubwa, ni wastani wa asilimia 46 tu ya tiketi zilizofika kwenye mauzo ya wazi. Zilizobaki zilikuwa zimeshawekwa kando kwa wenyewe, au zimeuzwa mapema kwa wenye kadi fulani za benki. Kwa hiyo boti zinapofika, foleni imeshakatwa katikati. Na bado lawama zote anatupiwa mwenye boti!

Desemba 2016 Rais Obama alisaini sheria ya kuzuia boti za tiketi, BOTS Act. Ilikaa kabatini zaidi ya miaka minne. Januari 2021 ndipo Tume ya Biashara ya huko, FTC, ilipoitumia mara ya kwanza, dhidi ya walanguzi watatu wa New York waliotumia akaunti bandia mamia na programu za kuficha anwani zao za IP. Adhabu kwenye karatasi ilizidi dola milioni 31. Waliyotakiwa kulipa kweli, baada ya kusema hawana, ni milioni 3.7.

Tiketi yenyewe ya Springsteen labda haikuhusu. Lakini jiwe linaweza kuwa la kwako.

Tovuti zilijifunza kutambua anwani za seva za kukodi na kuzifungia. Walanguzi wakahitaji anwani za nyumbani, za watu wa kweli, kwenye simu za kweli, na likazuka soko zima la kuzikodisha. Zinapatikanaje? Nyingine mwenyewe anazitoa bila kujua. Mwaka 2015 watumiaji wa Hola, programu ya bure ya kubadili nchi, waligundua kwamba vifaa vyao vilikuwa milango ya kupitishia shughuli za wateja wa kampuni ndugu, Luminati. Masharti yalikuwa yameandikwa, nani asome? Mei 2024 Marekani ilivunja mtandao wa 911 S5, uliojengwa kwa kuingiza virusi kwenye kompyuta za watu kupitia VPN za bure. Ulikuwa na anwani za IP zaidi ya milioni 19, karibu nchi 200. Sisi ambao kila kukiwa na uchaguzi au mtandao ukichechemea tunapeana majina ya VPN za bure kwenye WhatsApp, tuisome hiyo habari mara mbili. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa AFCON ya 2027, na tiketi za mashindano ya siku hizi huuzwa kwa simu.

Agosti 2025 FTC iliishtaki kampuni moja ya Maryland, ikidai ilinunua tiketi 379,776 kwa Ticketmaster ndani ya miezi kumi na minne hivi, kwa akaunti maelfu, proksi, na mashine zilizojazwa laini za simu ili zile namba za siri za uthibitisho ziingie sehemu moja. Kampuni ilikana. Mwezi uliofuata FTC ikaigeukia Ticketmaster yenyewe na mzazi wake Live Nation, ikidai walikuwa wanawaona walanguzi na kuwafumbia macho, kwa kuwa tiketi ikiuzwa mara ya pili kwenye mfumo wao wanakata ada tena. Nao walikana. Katika ile kesi ya Maryland kuna onyesho moja la Taylor Swift, Las Vegas, Machi 2023, ambako mteja aliruhusiwa tiketi sita. Kwa mujibu wa mashtaka, zilitumika akaunti 49, zikatoka na tiketi 273.